Mintarafu ya Maneno na Bei

Mazoezi anayopewa mwanafunzi wa kutunga programu katika majuma yake ya mwanzo ni manyonge kwa sura: ageuze neno lisomeke kinyumenyume, ahesabu irabu zilizomo katika sentensi, atafute jumla ya bei ya bidhaa tatu, apunguze asilimia 10 katika bei ya kitambaa, aongeze kodi, amrudishie mnunuzi chenji yake. Mtu aliyekuja na tamaa ya kuunda michezo ya kompyuta au ya kuiamuru mitambo huyatazama kwa jicho la dharau, akayafanya mbiombio ili ayapite, na walimu wengine nao huyatoa kwa roho iyo hiyo, kama watu wanaosubiri somo lenyewe lianze. Sura hii yaandikwa kwa itikadi nyingine. Nadai kwamba katika mazoezi ya namna hizi mbili, ya maneno na ya bei, mna karibu kila shida itakayomkabili mtunga programu mpaka uzeeni, na kwamba shida hizo aghalabu si za kompyuta, bali ni za wanadamu ambao hawajaamua wanataka nini, wakadhani wamekwisha kuamua.

Fanksheni ni kipande cha programu kilichopewa jina lake, ambacho hupokea kitu au vitu, hufanya kazi iliyoagizwa, kisha hurejesha jawabu kwa aliyekiita. Katika Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, na ambayo leo wanafunzi wengi huanzia kwayo, fanksheni ya kutafuta jumla ya bei huandikwa hivi:

def jumla(bei, idadi):
    return bei * idadi

Neno def latangaza kuwa fanksheni inaundwa. Jumla ni jina tuliloipa. Bei na idadi ndivyo vitu inavyovingojea. Na return ni amri ya kurejesha jawabu. Maneno def na return ni mali ya lugha yenyewe, hayabadiliki, lakini majina mengine yote ni hiari ya mwandishi, na sioni sababu ya mwanafunzi wa Tanga au wa Lamu kuyatafuta katika lugha ya watu wengine ilhali kompyuta haijali. Akiita bei kwa jina la bei, nusu ya fikira zake haitapotea katika kutafsiri.

Ghalati ya kwanza ya wanaoanza huzuka hapa hapa. Huandika print mahali pa return, na wakiona 7500 imetokea kwenye kioo huridhika, wakafunga daftari. Walakini kuonyesha si kurejesha. Fanksheni iliyoonyesha tu haikumpa aliyeiita kitu cha kushika mkononi, na akijaribu kuiongezea kodi jumla ile, Python itamjibu kwamba alichokishika ni None, yaani si kitu, na si kitu hakijumlishwi na namba. Mwalimu anayeona kosa hili darasani asilipite upesi. Mwanafunzi asiyetofautisha baina ya kumwonyesha mtu jawabu na kumkabidhi jawabu hilo hawezi kuunganisha fanksheni mbili, na programu zote kubwa si chochote ila fanksheni ndogo zilizokabidhiana.

Wazo la kuandika kazi mara moja na kuiita mara nyingi lina umri mkubwa kuliko lugha tuzitumiazo. Pale Cambridge, Uingereza, kompyuta ya EDSAC ilipoanza kufanya kazi mwezi wa Mei 1949, Maurice Wilkes na wenziwe waliona upesi kwamba hesabu zile zile hurudi katika kila kazi, wakakusanya maktaba ya vipande vya programu vilivyotobolewa katika kanda za karatasi na kuhifadhiwa kabatini, na aliyekihitaji kimojawapo alikinakili katika kanda yake mwenyewe. David Wheeler, aliyekuwa bado mwanafunzi, ndiye aliyebuni njia ya kuiwezesha mashine ile kuruka hadi kwenye kipande hicho na kisha kurejea mahali ilipotoka. Na mwaka 1951 yeye, Wilkes na Stanley Gill walichapisha kitabu cha utungaji wa programu, kilicho miongoni mwa vya mwanzo kabisa vya namna yake. Wilkes alikuja kusimulia katika kumbukumbu zake jinsi ilivyomjia ghafula, siku zile za mwanzo, kwamba sehemu kubwa ya umri uliombakia ingepita katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Ikiwa mtu wa daraja lile alikuwa na yakini hiyo, mwanafunzi wa leo asione haya.

Tuje kwenye maneno. Kwa kompyuta neno si neno, bali ni herufi zilizofuatana, na kila herufi ni namba: A kubwa ni 65, Z kubwa ni 90, a ndogo ni 97. Ndiyo maana ukiipa orodha ya maneno iyapange kwa taratibu ya alfabeti bila kuionya, itatanguliza Zanzibar na kuifuatisha amani, kwa sababu Z kubwa ina namba ndogo kuliko a ndogo. Ni karani mtiifu asiyejua kusoma, ambaye kazi yake ni kufananisha alama na alama. Aidha, karani huyu huanza kuhesabu kwa 0, si kwa 1, na mwaka 1982 Mholanzi mwingine, Edsger Dijkstra, aliandika waraka mfupi wa kuutetea utaratibu huo kwa hoja ambazo wengi wamezikubali. Katika neno shilingi, lenye herufi nane, s ni ya 0 na i ya mwisho ni ya 7. Atakayeomba herufi ya 8 ataambiwa kwamba haiko.

Zoezi mashuhuri ni la kuuliza kama neno husomeka sawasawa toka mbele na toka nyuma. Vitabu vya kigeni vina mifano yao, nasi tunayo yetu iliyo na ladha zaidi, kwa kuwa maneno yetu karibu yote hukoma kwa irabu, na kwa hiyo neno lisomekalo pande zote sharti lianze kwa irabu ile ile linaloishia: ama, apa, asa, alala. Baba, kaka na dada, ambayo jicho huyadhania kuwa yamo katika hesabu hiyo, hayamo kabisa, maana baba likigeuzwa ni abab. Mwalimu mwenye busara huyaweka maneno hayo matatu katika majaribio kwa makusudi, ili amnase mwanafunzi aliyefananisha nusu ya kwanza ya neno na nusu ya pili badala ya kuigeuza nusu hiyo kwanza.

Bora kuliko hilo, kwa maoni yangu, ni zoezi la kuhesabu irabu, ambalo katika lugha nyingine ni mchezo wa watoto na katika Kiswahili ni mlango wa elimu ya ushairi. Irabu moja kwetu aghalabu ni silabi moja, na silabi ndiyo mizani. Basi fanksheni ya mistari mitatu au minne inayopita juu ya herufi na kuongeza moja kila ikutanapo na a, e, i, o au u, yakaribia kuwa chombo cha kumpimia malenga kazi yake: mstari wa utenzi urejeshe 8, na mstari wa shairi la mizani kumi na sita urejeshe 16. Yakaribia, sikusema imefika. Neno mtoto lina irabu mbili na silabi tatu, kwa sababu m iliyo mwanzoni hujisimamia yenyewe. Mwanafunzi ataongeza sharti kwamba m ifuatwayo na konsonanti nayo ihesabiwe, afurahi, kisha alijaribu neno mbuzi, lenye silabi mbili, na fanksheni imwambie 3. Ataondoa mb katika sharti lile, na papo hapo mbwa, lenye silabi mbili na irabu moja, litapunjwa. Atakapokuwa amechoka, mwalimu amwulize kuhusu mbuni: ndege yule mkubwa ana silabi mbili, na mti wa buni una tatu, ilhali herufi ni zile zile tano kwa mpangilio ule ule. Hapo herufi peke yake hazina jawabu, hata zikihojiwa namna gani. Lililobaki ni ama kuipa fanksheni kamusi ya kuitegemea, ama kuandika juu yake bayana kwamba itoacho ni kadirio, nami namsifu zaidi mwanafunzi anayeandika hivyo kuliko yule anayeendelea kurundika masharti usiku kucha.

Mfano mwingine wahusu majina ya watu, na huu watoka katika stakabadhi za kila siku. Mnunuzi amejiandika kwa herufi ndogo, kamau ng'ang'a, nasi twataka jina lake lichapishwe kwa heshima. Python ina amri tayari iitwayo title, ambayo vitabu huipendekeza kwa kazi hii hasa, na ukiitumia utapata hivi:

Kamau Ng'Ang'A

Kompyuta imeiona ritifaa kuwa ni mpaka wa neno, ikakuza kila herufi iliyofuata. Hakuna aliyekosea kwa mujibu wa kanuni. Kanuni yenyewe ndiyo iliyotungwa na watu ambao katika lugha yao sauti ya ng' haiandikwi kwa alama hiyo. Kuna amri nyingine, capitalize, ikuzayo herufi ya kwanza pekee, lakini ikipewa jina zima hurejesha Kamau ng'ang'a, na jina la ukoo likabaki dogo. Dawa ni kulikata jina penye nafasi, kukuza mwanzo wa kila kipande kwa amri hii ya pili, kisha kuviunga vipande tena. Ni mistari miwili, na mwanafunzi aliyeifikia kwa akili yake amejifunza mambo matatu kwa mkupuo: kukata, kubadili na kuunga.

Hapo tena shida haikwisha, kwa sababu ritifaa zenyewe ziko mbili. Iliyonyooka, ipatikanayo katika kibodi za kawaida, ni namba 39, na iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe bila kuulizwa, ni namba 8217. Kwa macho yetu ni alama moja. Kwa kompyuta ni vitu viwili visivyo na udugu. Mteja aliyeandikishwa kwa hii na kutafutwa kwa ile hataonekana, na karani wa kibinadamu aliyeketi mbele ya kioo atamwambia kwamba hayumo katika daftari. Fanksheni njema ya kufananisha majina huanza kwa kuigeuza moja iwe nyingine, huondoa nafasi zilizozidi mwanzoni na mwishoni, huzifanya herufi zote kuwa ndogo, na ndipo ikafananisha. Na asiyeandika jina lolote? Maandishi matupu ni maandishi halali, yenye herufi sifuri, na fanksheni inayokwenda moja kwa moja kuichukua herufi ya kwanza itaanguka juu yake. Kila zoezi la maneno lijaribiwe kwa maandishi matupu kabla halijaitwa limekwisha.

Maneno na bei hukutana mahali ambapo wengi hawapatazamii. Anachokiandika mtu katika kibodi, hata kikiwa ni namba tupu, Python hukipokea kama maandishi. Muuzaji akiandika 2500 na programu ikazidisha kwa tatu bila kukigeuza kwanza, haitasema 7500, wala haitalalamika. Itaandika 250025002500, maana kuyazidisha maandishi kwa tatu ni kuyarudia mara tatu. Akiandika 2500 na 300 ili zijumlishwe, atapata 2500300, na mnunuzi wa sukari na kiberiti akajikuta anadaiwa shilingi milioni mbili, laki tano na mia tatu. Kosa linaloiangusha programu lina heri, kwa kuwa hujitangaza; hili la pili hupita kimya hadi kwenye stakabadhi.

Basi maandishi sharti yageuzwe kuwa namba, na amri ya kuyageuza ni int. Ila sisi madukani hatuandiki 2500; twaandika 2,500/= kwa mkato, mshazari na alama ya usawa, na int ikikabidhiwa hayo hukataa katakata. Mwanafunzi mwepesi huamua kufuta kila kisichokuwa tarakimu. Fanksheni yake itafanya kazi vyema siku nzima, mpaka afike mtu aliyezoea kuandika senti, akaandika 2,500.00, nukta itafutwa pamoja na mkato, zitabaki tarakimu 250000, na bei itakuwa imekua mara mia bila onyo. Njia ya salama ni kuondoa zile alama tunazozijua na tulizokubaliana, yaani mkato na /= ya mwisho, na chochote kingine kikikutwa fanksheni ikatae na kumrudishia mwandikaji swali. Programu za fedha zinazokisia huwagharimu watu zaidi kuliko zinazokataa, na sijaona bado duka lililofilisika kwa sababu mashine yake iliuliza mara ya pili.

Kukokotoa bei ni elimu kongwe. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra pale Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala kuanzia 813 mpaka 833, alitenga mlango mfupi wa muamala wa biashara, akaeleza kwamba kila ununuzi una namba nne: kipimo, bei ya kipimo hicho, kiasi anachokitaka mnunuzi, na thamani atakayoitoa, tatu zikijulikana, ya nne hupatikana kwa kuzidisha na kugawa. Tuseme pishi ya mchele, yenye vibaba vinne, ni shilingi 6,000, na mtu ataka vibaba vitatu, atatoa 4,500. Fanksheni ya kwanza ya bei anayoiandika mwanafunzi wa leo ni kanuni ile ile ya Baghdad, na ikiwa bei zingekoma hapo, sura hii nayo ingekoma.

Lakini tajiri hasemi hivyo tu. Husema: mfuko ni shilingi 20,000, na anayechukua mifuko kumi hupata punguzo la asilimia 15. Sentensi hiyo dukani haina shida yoyote, kila mtu huielewa, na ndiyo inayomtesa mwanafunzi, kwa kuwa ndani yake mna maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Mwenye mifuko kumi na mmoja naye anapata? Bila shaka, atajibu tajiri, akishangaa kuulizwa. Basi sharti ni kumi au zaidi, si zaidi ya kumi, na tofauti ya maneno hayo katika Python ni ya alama moja, >= badala ya >, alama ambayo ikisahauliwa humnyima haki yake mtu mmoja tu, yule aliyechukua kumi kamili, naye ndiye aliyesoma tangazo na kulifuata. Mwanafunzi aijaribu fanksheni yake kwa 9, 10 na 11 kabla ya kuijaribu kwa namba nyingine yoyote.

Akifanya hivyo ataona jambo la ajabu. Mifuko tisa, isiyo na punguzo, ni shilingi 180,000. Mifuko kumi, kwa punguzo la asilimia 15, ni shilingi 170,000. Tajiri amejiwekea kaida ya kumlipa mnunuzi shilingi 10,000 ili akubali kuondoka na mfuko mmoja zaidi! Angepunguza asilimia 10, tisa na kumi zingelingana kwa 180,000. Angepunguza asilimia 5, kumi zingekuwa 190,000 na akili ikatulia. Au pengine alikusudia kwamba punguzo liwe juu ya mifuko iliyozidi tisa, na ile tisa ya mwanzo ibaki kwa bei yake, ambapo kumi zingekuwa 197,000. Fanksheni haiwezi kujua alikusudia lipi, na mwanafunzi hana ruhusa ya kumwamulia. Kazi yake ni kwenda na karatasi yenye majawabu hayo, amwekee tajiri mbele yake, achague. Mara nyingi huwa ni siku ya kwanza kwa tajiri kuitazama biashara yake kwa namna hiyo.

Kodi huleta mashaka ya jinsi nyingine. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18, na kuiongeza juu ya bei isiyo na kodi hakuna ugumu: 10,000 huwa 11,800. Ugumu uko katika kurudi nyuma. Mnunuzi ameona bei ya 11,800 iliyokwisha kutiwa kodi, ataka kujua ndani yake mna kodi kiasi gani, na wanafunzi walio wengi, pamoja na wafanyabiashara wasiokuwa wachache, hutafuta asilimia 18 ya 11,800, wakapata 2,124. Hapo wamekwisha kuitoza kodi kodi. Asilimia 18 ile ilitozwa juu ya 10,000, na bei iliyo mbele yetu ni sehemu 118 ambazo 18 kati yake ndizo kodi:

def kodi_ya_ndani(bei, kiwango):
    return bei * kiwango / (100 + kiwango)

Ukiiita kwa 11800 na 18 hurejesha 1800.0, nayo ndiyo haki. Kadhalika utaratibu wa kazi una thamani yake. Punguzo la asilimia likitangulia kodi au likiifuata, jumla ni ile ile, kwa kuwa yote mawili ni kuzidisha. Lakini punguzo la shilingi 1,000 taslimu likitolewa katika ile 10,000 kabla ya kodi, mnunuzi hulipa 10,620, na likitolewa baada ya kodi hulipa 10,800. Shilingi 180 si kitu kwa mtu mmoja, ila kwa duka la watu mia kwa siku ni jambo la kuandikiana barua.

Ile nukta na sifuri katika 1800.0 si pambo. Yaonyesha kwamba baada ya kugawa, Python imeihama namba nzima ikaingia katika namba za desimali, na hizo huhifadhiwa kwa msingi wa mbili, kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1985 na kujulikana kwa jina la IEEE 754. Katika msingi wa mbili sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kwa ukamilifu katika desimali zetu, kwa hiyo kompyuta hushika iliyo jirani nayo. Iulize 0.1 + 0.2 nayo itajibu 0.30000000000000004. Iulize 19.99 mara 100 ili upate senti, itajibu 1998.9999999999998, na ukiigeuza kuwa namba nzima kwa int, ambayo hukata desimali bila kutazama ukubwa wake, utabaki na 1998. Senti moja imepotea na hakuna aliyeichukua. Kwa sababu hiyo watu wa fedha hushika kila kitu kwa senti, katika namba nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, au hutumia namba za Decimal ambazo Python imeziandaa kwa kazi hii. Mwanafunzi azoee hivyo tangu zoezi la kwanza, kabla mkono haujapinda.

Kukadiria nako kuna khitilafu zake. Tuseme bidhaa tatu, kila moja ina kodi ya shilingi 12.50, na stakabadhi yataka shilingi nzima. Amri ya Python ya kukadiria, round, ikikuta nusu kamili huelekea kwenye namba shufwa, kwa hiyo 12.50 huwa 12, na ukikadiria kila bidhaa peke yake jumla ni 36. Ukijumlisha kwanza upate 37.50, ndipo ukakadiria, jumla ni 38. Na ukifuata kanuni tuliyofundishwa shuleni, ya kuipandisha nusu daima, kila bidhaa ni 13 na jumla ni 39. Majawabu matatu kwa kikapu kimoja, na kila moja lina hoja yake. Itakiwayo ni sheria au mwenye mali aseme lipi ni lake, na fanksheni iliandike chaguo hilo mahali pa kuonekana.

La mwisho ni juu ya viwango vyenyewe. Mwandishi mvivu huiandika 18 au 16 ndani ya kila hesabu, hapa na pale, akiamini kwamba sheria imekwisha kuandikwa na haitaandikwa tena. Kenya, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16, ilikishusha hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili 2020 kwa sababu ya dhiki ya maradhi ya korona, ikakirudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Kila programu ya duka iliyokuwa na 16 imetawanyika mistarini ilibidi ichokonolewe mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na aliyedhani amezipata zote alihitaji kuhakikisha kwamba hakubadilisha pia 16 iliyokuwa idadi ya chupa katika kreti. Waliokiweka kiwango mahali pamoja, kikipokelewa na fanksheni kama ilivyo katika kodi_ya_ndani hapo juu, walibadilisha namba moja wakaenda kulala. Hata hao, mteja aliporudi Februari na stakabadhi ya Novemba akitaka kurudisha bidhaa, walitambua kwamba kiwango cha leo hakitoshi, kwa sababu fedha ya kurudishwa yataka kiwango cha siku ya mauzo.

Msomaji, zoezi la sura hii ni moja tu. Andika fanksheni ipokeayo bei isiyo na kodi pamoja na tarehe ya mauzo, irejeshe kodi ya Kenya kwa siku hiyo katika namba nzima ya senti. Ijaribu kwa bei ya shilingi 1,000 na tarehe nne: 31 Machi 2020, 1 Aprili 2020, 31 Desemba 2020 na 1 Januari 2021. Majawabu yawe shilingi 160, 140, 140 na 160, nayo kwa senti ni 16000, 14000, 14000 na 16000. Tarehe ambayo hukuitafutia kiwango chake, fanksheni iikatae. Yaandike majawabu hayo kwa mkono wako kwenye karatasi kwanza, na ndipo uiwashe kompyuta.